Tawi la miezi 14: nilivyolirudisha kwenye mradi mama

Tawi letu, yaani nakala yetu ya programu ndani ya Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo), lilikuwa la wiki mbili tu. Duka moja la dawa za jumla lilitaka skrini ya kupokelea mzigo kwa Kiswahili, na programu huria tuliyokuwa tukiitumia, ndiyo mradi mama, haikuwa nayo. Wiki mbili zikawa miezi 14. Siku nilipoamua kulirudisha, nilianza kwa kupima deni, yaani tumeachana kiasi gani (main ni tawi kuu la mradi mama, dukani ni letu):

git rev-list --left-right --count main...dukani

Ikajibu 1893 na 212. Ya kushoto ni komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za wenzetu wa mradi mama ambazo sisi hatukuwa nazo, ya kulia ni zetu. Ukikuta namba za namna hiyo, usikimbilie kufungua ombi la kuunganisha. Mimi nilikimbilia. Nilituma mzigo wote kwa mkupuo, faili 140, na mtunzaji wa mradi akaniuliza kitu kimoja tu: aanze kusoma wapi? Sikuwa na jibu.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kulipunguza tawi mpaka lisibaki na cha kuunganisha. Linux yenyewe ilipita njia hiyo. Viraka vya PREEMPT_RT, vinavyoiwezesha kerneli (kiini cha mfumo) kuitikia ndani ya muda unaotabirika, vilikaa nje kwa takriban miaka 20 huku vikiingizwa kipande baada ya kipande. Septemba 2024, wakati wa toleo la 6.12, kilichobaki kilikuwa mistari michache ya kuruhusu swichi iwashwe.

Jiandae kwanza:

git branch akiba dukani
git config rerere.enabled true
git config merge.conflictStyle zdiff3

Mstari wa kwanza unatunza nakala ya tawi kwa jina akiba. Rerere hukumbuka ulivyosuluhisha mgongano (pale pande mbili zimebadilisha mistari ile ile), ukijirudia inakuandikia suluhisho lile lile. Zdiff3, kuanzia Git 2.35, hukuonyesha pia mistari ilivyokuwa kabla yenu nyote wawili hamjaigusa. Bila hiyo unabahatisha.

Kisha git cherry -v main dukani. Komiti yenye alama ya kutoa imeshaingia kwa wenzako. Zetu zilikuwa 31, sikutegemea. Halafu linganisha git diff ya kawaida na ile yenye -w, isiyohesabu nafasi tupu. Kwangu faili 60 zilikuwa zimebadilika nafasi tupu tu, kwa sababu kihariri changu kilikuwa kikipanga upya kila nilichohifadhi. Nikazirudisha zilivyokuwa, kimyakimya.

Sasa vuta mradi mama uje kwako, toleo kwa toleo: v3.1, jaribu, v3.2, jaribu. Usirukie main moja kwa moja.

Mgongano ambao Git inaupigia kelele wala haunitishi. Kilichoniumiza kilipita bila neno. Kati ya matoleo hayo mawili, wenzetu walibadilisha funksheni ya salio() irudishe idadi ya vidonge badala ya maboksi. Skrini yetu iliita salio() ndani ya faili ambayo wao hawana, kwa hiyo Git haikuona pa kugombania. Majaribio yote yakapita, maana kwa uvivu wangu dawa ya mfano ilikuwa na kidonge kimoja kwa boksi. Nilipofungua skrini kwa mkono, maboksi 40 ya paracetamol yalisomeka maboksi 4,000. Siku hizi, kwa kila funksheni ya wenzetu tunayoiita, nasoma historia yake kabla ya kuendelea:

git log -L :salio:stoo.py v3.1..v3.2

Baada ya hapo kata vipande, kila kimoja kwenye tawi jipya linaloanzia main, chini ya mistari 300 ikiwezekana. Tanguliza marekebisho ya hitilafu, hayana ubishi. Tafsiri zifuate, kisha kinachogusa hifadhidata, skrini mwisho. Na majina ya walioandika yabaki. Mradi ulidai idhini ya kila mwandishi, na komiti tisa zilikuwa za mwenzetu aliyeshaacha kazi. Ilibidi nimtafute WhatsApp, akajibu baada ya siku nne.

Kipande cha mwisho kikishaingia, vuta main iingie kwenye tawi la dukani mara ya mwisho, kisha git diff main dukani. Isipotoa kitu, umemaliza. Lakini git branch -d inaweza kukataa ikidai tawi halijaunganishwa, hasa kama watunzaji walibana kila ombi kuwa komiti moja. Hapo tumia -D kubwa. Akiba mimi bado sijaifuta.