Jinsi ya kuendesha mchango wa ndugu anayeumwa ugonjwa wa akili bila kumwanika

Hivi karibuni jirani mmoja aliniomba nimsaidie kuanzisha mchango wa kaka yake. Kaka alikuwa ametoka kulazwa, ana skizofrenia, familia imeshauza pikipiki, na dada mtu alikuwa tayari ameandika ujumbe wa kutuma kwenye magrupu yote ya mtaa, wenye picha. Nikamwomba asubiri kwanza, tukakaa chini. Tuliyopanga siku ile, pamoja na niliyojifunza kwa kushika daftari la michango ya namna hii hapa Mbagala, ndiyo haya.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Harusi na msiba vina tarehe. Mtu anatoa mara moja na anamaliza. Dawa za ugonjwa wa akili ni za kila mwezi, na mgonjwa anayezikatisha mwezi wa nne kwa kukosa nauli anaweza kurudi pale pale alipoanzia, na gharama ya kulazwa upya ikazidi ya mwaka mzima wa kliniki. Mimi nawathamini watu 20 wanaotoa shilingi 5,000 kila mwezi kuliko milioni moja iliyopatikana kwa wiki moja. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Anzia hospitalini

Usichangishe hela ya kitu ambacho mgonjwa ana haki ya kukipata bure. Utaratibu wa msamaha wa matibabu katika hospitali za serikali Tanzania unawagusa wenye magonjwa sugu, ya akili yakiwemo. Nenda kwa mtendaji wa mtaa uchukue barua, kisha muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Uwe mvumilivu na mwenye heshima, na usiondoke bila jibu.

Dar es Salaam, hospitali za rufaa za mkoa ni Temeke, Amana na Mwananyamala. Juu yake ni Muhimbili. Mgonjwa anaweza pia kupelekwa Mirembe, Dodoma, ambayo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Walio Tanga wana Lutindi, kule Korogwe, ya Kanisa la Kilutheri.

Daktari au muuguzi muulize: dawa inaitwaje (andika jina kama lilivyo kwenye boksi), kliniki ni kila baada ya muda gani, kuna vipimo vya kurudia, na je, sindano ya kila mwezi inamfaa? Hilo la sindano wengi hawaliulizi. Flufenazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Modecate, huchomwa kila baada ya wiki chache, na kwa mtu anayesahau au kuvichoka vidonge inapunguza ugomvi mwingi nyumbani. Uamuzi ni wa daktari na mgonjwa, lakini swali liulizwe. Kama anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, vipimo vya damu ni lazima, kwa hiyo viingie kwenye bajeti.

Hatua ya 2: Bajeti ya mwezi mmoja, kisha zidisha kwa 12

Kwa familia ile tuliandika hivi: nauli ya watu wawili kwenda na kurudi kliniki 12,000, dawa za kununua duka la nje pale dirisha la hospitali likiwa halina, 40,000, chakula cha ziada 30,000, akiba ya dharura 15,000. Jumla 97,000, kabla ya kifungu cha mlezi kilicho hapa chini. Bei zako zitakuwa tofauti, lakini vifungu ni vilevile.

Chakula kisikatwe. Olanzapini na baadhi ya dawa nyingine huongeza njaa kwelikweli. Familia inaanza kunung'unika kuwa kijana amekuwa mlafi, kumbe ni dawa inafanya kazi yake, na nyumba yenye njaa ndiyo inayoficha vidonge.

Halafu kuna mlezi. Mama anayemsindikiza mwanawe kliniki anafunga genge lake siku nzima. Kamati nyingi hazitaki kusikia kifungu hiki. Zinaona mama hapaswi kulipwa kwa kumlea mwanawe. Mimi nakidai kila mara, hata kama ni 5,000 tu, kwa sababu mama akichoka hakuna dawa itakayofika mdomoni.

Hatua ya 3: Watu watatu

Mmoja wa familia, mmoja jirani, mmoja aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Basi. Kamati ya watu kumi ni siri ya watu kumi.

Hatua ya 4: Ridhaa na ujumbe

Hapa usiharakishe. Hela iliyopotea inatafutwa tena, lakini ujumbe ukishasambazwa haurudishwi.

Anza na mgonjwa. Mwombe ridhaa akiwa ametulia, asubuhi baada ya chai ni wakati mzuri. Usimwombe siku aliyochomwa sindano na usingizi umemlemea. Usimuulize kwa jumla, "Tukuchangie?" Muulize kimoja kimoja: tutaje jina lako? Tutaje mtaa? Tuseme unaumwa nini? Nani asijue kabisa? Andika majibu yake kwenye daftari, asaini, na mwambie anaweza kubadili wakati wowote. Wengine watakubali mchango na kukataa jina. Hiyo inatosha kuanza.

Kuna hali mbili zinazotatanisha. Ya kwanza ni mgonjwa aliyezidiwa, asiyeweza kuamua lolote kwa sasa. Familia inaweza kuhangaikia matibabu yake, ila hiyo haiwapi ruhusa ya kutangaza habari zake. Tumia ujumbe usio na jina, jinsia wala kazi, kisha akipata nafuu umwonyeshe na umsikilize. Ya pili ni ya mtu mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) aliye kwenye kipindi cha kupanda, yaani amechangamka kupita kiasi. Huyo atakubali kila kitu, atataka arekodiwe video, atataka mchango utangazwe redioni. Mshukuru, usifanye lolote, subiri wiki mbili, muulize tena. Mara nyingi jibu la pili ndilo lake.

Picha: hapana. Najua picha huleta hela haraka, na wanaoipendekeza wana nia njema. Lakini mwaka ujao kijana huyu atakwenda kuomba kazi gereji, na fundi mkuu atakuwa ameshamwona amelala chini bila shati. Atakwenda kuposa, na mjomba wa binti atakuwa na picha ile kwenye simu. Kuficha uso hakusaidii; mtaani watu wanamjua mtu kwa shati lake na kwa mlango wa kwao. Cheti cha hospitali nacho usikitume. Watu watadai ushahidi, na ni haki yao. Waambie wajumbe wa kamati wamekiona cheti kwa macho yao na wanakithibitisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya za mtu kwenye taarifa nyeti, kwa hiyo unapoombwa "tuma tu cheti tuone", una jibu la kisheria, si maoni yako tu.

Jina la ugonjwa nalo liache, isipokuwa mwenyewe ametaka litajwe. Wapo wanaotaka kusema wazi, na mtu anayesimama mwenyewe kusema "naumwa hiki, na dawa zinanisaidia" anaufundisha mtaa kuliko semina yoyote. Asimame yeye, kwa siku aliyoichagua.

Wala usidanganye. Usiseme ni malaria ya kichwa au kiharusi. Wachangiaji watajua, na mwezi wa pili hutapata mtu.

Ujumbe wenyewe nauandika namna hii:

"Ndugu na majirani, salaam. Mwenzetu mmoja yuko kwenye matibabu ya muda mrefu chini ya daktari. Familia imebeba gharama peke yake mpaka sasa. Tunatafuta watu 20 watakaoahidi 5,000 kila mwezi kwa miezi 12, kwa ajili ya nauli ya kliniki, dawa na chakula. Taarifa ya matumizi itatolewa tarehe 5 ya kila mwezi. Aliye tayari anijibu mimi binafsi, nitampigia. Mwenyewe ameusoma ujumbe huu na ameridhia."

Sentensi ya mwisho iandike tu ikiwa ni kweli. Ikiwa bado hajaweza kuridhia, ifute.

Kabla ya kutuma, soma ujumbe ukijiambia kwamba kesho utafika kwa mwajiri wake. Kama kuna neno litakalomdhuru huko, litoe. Na andaa jibu moja la kamati nzima kwa swali lisilokosekana, "Kwani anaumwa nini hasa?" Sisi tunajibu: "Yuko kwenye matibabu, anahudumiwa vizuri, mengine ni yake, akipenda atakueleza." Wote watatu waseme hivyohivyo, hata kwa wake na waume zao. Mdadisi akipata majibu mawili tofauti atatunga la tatu.

Jambo la mwisho hapa ni ile orodha ya wachangiaji tuliyoizoea, jina na kiasi, kila mtu anaikopi na kujiongeza chini. Kwenye harusi inafanya kazi kwa sababu watu wanaona haya kuwa nje ya orodha. Kwa mchango huu siitaki kabisa. Inamfanya anayetoa 2,000 ajitoe, na inampa kila mwenye grupu kisingizio cha kuuliza orodha ni ya nini. Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) badala ya grupu: kila mtu anapokea peke yake na anajibu peke yake.

Hatua ya 5: Hela ikae wapi

Isikae kwenye simu ya mama wala ya mgonjwa. Mimi napendelea M-Koba, huduma ya Vodacom ya kutunza hela za kikundi kwa simu, kwa sababu kutoa hela kunahitaji idhini ya viongozi zaidi ya mmoja na wanachama wanapata ujumbe. Akaunti ya benki yenye saini mbili inafaa pia, ingawa foleni yake inachosha. Chochote utakachochagua, kundi lipe jina la kawaida, mfano Umoja wa Majirani, maana jina hilo litasomwa kwenye simu za watu.

Daftari la karatasi liwepo hata kama mnatumia simu. Simu zinaibiwa.

Hatua ya 6: Kuomba

Piga simu kwanza, ujumbe ufuate. Anza na walio karibu, kisha ndugu wa mbali. Wale wa Muscat na Dubai wengi hupenda kutuma fungu kubwa kwa mkupuo. Pokea kwa shukrani, lakini liingie akiba ya dharura, lisile nafasi ya wachangiaji wa kila mwezi.

Hatua ya 7: Matumizi

Lipa kitu, usigawe taslimu. Dawa ilipwe dukani na risiti ibandikwe daftarini. Taarifa ya tarehe 5 iwe fupi: tulianza na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kwa ajili ya nini, kimebaki kiasi gani. Habari za afya ya mgonjwa zisiwemo.

Swali la waganga na maombi litakuja, bora mlijibu mapema. Hatumzuii mtu kuombewa wala kusomewa. Ila hela ya mchango haiendi huko, dawa haikatishwi kwa ajili ya mfungo au tiba nyingine, na mahali panapofunga watu minyororo hatumpeleki. Haya matatu yaandikwe ukurasa wa kwanza.

Akiba ya dharura isiguswe kwa lingine lolote. Mkubaliane mapema nani ataita gari, na ni watu gani wawili mgonjwa anaowaamini watakaopanda naye. Dalili zake za kuanza kuzidiwa ziandikwe akiwa mzima, kwa maneno yake mwenyewe: halali usingizi, anaacha kula na wenzake, anasikia sauti, anazungumza habari za kujiua. Hiyo ya mwisho ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, na mpaka mfike asiachwe peke yake.

Hatua ya 8: Mwezi wa tatu

Mwezi wa tatu wachangiaji hupungua. Usiwaandikie kwa lawama. Mpigie mmoja mmoja, na asiyeweza tena mpe kazi isiyo ya hela: kumsindikiza mgonjwa kliniki mara moja, kukaa naye kijiweni jioni, kumpumzisha mama Jumamosi. Wengine tuliowapa kazi hizo wakawa na faida kubwa kuliko walipokuwa wakitoa hela. Mwangalie pia mgonjwa: akikakamaa shingo, akitokwa mate au mikono ikitetemeka, dawa inaweza kuwa inamsumbua, na ndipo wengi huitupa. Kuna vidonge vya kutuliza hali hiyo, kama Artane, kwa hiyo arudi kliniki bila kusubiri tarehe yake.

Akipata kazi, msifunge mchango siku hiyohiyo. Mshahara wa kwanza una madeni yake. Mpeni miezi mitatu, mkipunguza nauli kwanza na dawa mwisho. Kupunguza au kuacha dawa kunaamuliwa kliniki, kazi haibadili hilo. Salio libaki kuwa akiba ya dharura chini ya watu walewale watatu, na namba zao za simu ziandikwe nyuma ya kadi yake ya kliniki.