Somo: Kutiririsha Video na Muziki kutoka Kompyuta hadi Runinga kwa Mtandao wa Nyumbani

Ndugu wanachama, nyumba nyingi hapa Dodoma hulipia bando ili kutazama upya video ambayo tayari imo ndani ya kompyuta ya sebuleni. Faili inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye runinga hupita katika ruta tu (kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani), haitoki nje ya nyumba, kwa hiyo haili bando hata kidogo, na hata intaneti ikikatika kazi huendelea mradi ruta ina umeme. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11.

Hatua ya kwanza ni kuunganisha kompyuta na runinga kwenye ruta moja, kisha kuuweka mtandao huo kuwa wa binafsi badala ya wa umma katika mipangilio ya kompyuta. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa Windows ikiambiwa kwamba mtandao ni wa umma huificha kompyuta isionekane na vifaa vingine. Na ni haki yake, maana hiyo ndiyo kinga yako unapotumia Wi-Fi ya hotelini au ya stendi.

Hatua ya pili, fungua Control Panel, andika media streaming katika kisanduku cha kutafutia, kisha uwashe huduma hiyo. Ipe maktaba yako, yaani mkusanyo wa video, muziki na picha utakaoonekana kwenye runinga, jina utakalolitambua, uruhusu vifaa vya nyumbani, na usichokifahamu ukizuie.

Hatua ya tatu, weka faili katika folda za Windows za video, muziki na picha. Folda iliyo mahali pengine haitaonekana mpaka uijumuishe katika maktaba.

Mwisho, fungua orodha ya vyanzo kwenye runinga na uchague jina la maktaba yako. Kompyuta isiachwe ilale, kwani ikilala video hukatika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nimefuata yote lakini runinga haioni kompyuta. Nipo Nkuhungu.

Jibu: Hakikisha kwamba runinga haijaunganishwa na Wi-Fi ya wageni, kwa sababu ruta nyingi hutenga wageni wasivifikie vifaa vya wenyeji.

Chumba cha mwisho video inakwamakwama. Tatizo ni kompyuta?

Jibu: Mara nyingi ni ukuta. Masafa ya Wi-Fi (mawimbi yake) ya 5 GHz yana kasi lakini hudhoofika haraka yanapopenya kuta za tofali, ilhali ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi kwa kasi ndogo. Ukiweza, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, ili Wi-Fi ibaki na mzigo wa runinga peke yake.

Shikamoo mwalimu. Tunaoishi hosteli za chuo tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Acheni mtandao wa hosteli ukiwa wa umma, kwani mkiuweka wa binafsi picha zenu zinaweza kuonekana na watu msiowajua. Chumba kikiwa na ruta yake, hatua za juu zinafaa.