Mafunzo kwa vitendo: anza na waliokutangulia

Wadogo zangu mnaosoma MUBS, yaani Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, pale Nakawa, msingoje likizo ndefu ndipo mzunguke maofisini Kampala na bahasha za maombi ya mafunzo kwa vitendo. Anzeni na waliohitimu. Chuo kilianza 1997 kwa kuunganisha Kitivo cha Biashara cha Makerere na chuo cha biashara kilichokuwapo Nakawa, kwa hiyo waliopitia humo wametapakaa: benki, bima, kodi, hata uwakala wa forodha kule Busia na Malaba. Mnaozungumza Kiswahili mna faida kubwa mipakani, maana madereva wa malori na wafanyabiashara kutoka Kenya wanakitumia kutwa nzima.

Ujumbe wa kwanza usiombe kazi. Andika hivi: "Habari za kazi, dada. Nasoma uhasibu mwaka wa pili MUBS. Naomba dakika kumi unieleze nyaraka za mzigo zinavyokaguliwa kabla ya ushuru kulipwa." Hilo ni swali linalojibika, na watu wengi hupenda kuulizwa wanachokijua. Ukianza na "nisaidie nafasi", unamtwisha mzigo mtu ambaye pengine hana nafasi ya kugawa.

Akishakueleza, mrudie baada ya wiki chache umwambie alichokufundisha umekitumia wapi. Sasa muulize kama idara yao hupokea wanafunzi. Barua ya chuo iwe tayari mkononi, yenye tarehe za kuanza na kumaliza, kwa sababu akikubali ataipeleka siku hiyo hiyo kwa mkuu wake.