Dawa ya nywele ikimuunguza mteja, fanya hivi

Mwezi wangu wa pili saluni, Mbagala, nilimwekea mama mmoja dawa ya nywele. Jana yake alikuwa amefumua rasta na kujikuna usiku kucha, sikumuuliza. Dakika ya saba akasema, "Mwanangu, inawasha." Nikamwambia avumilie kidogo nimalizie kisogoni. Hapo ndipo nilipokosea zaidi.

Mteja akisema inawasha, weka kitana chini, mpeleke kwenye sinki. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, ya baridi au vuguvugu, dakika 20 nzima, ndipo uweke shampuu ya kukata dawa. Maji ya moto hapana. Macho yazibe kwa taulo. Na kwa kuwa maji ya bomba hukatika, mimi tangu siku ile sifungui kopo la dawa bila ndoo mbili kujaa.

Kisha gawanya nywele uangalie ngozi kwenye mwanga. Mama yule alikuwa na kidonda nyuma ya sikio, ukubwa wa sarafu, kinatoa majimaji. Usipake mafuta wala dawa ya meno, usimkalishe kwenye draya. Kukiwa na kidonda au malengelenge, mpeleke zahanati wewe mwenyewe.

Mwambie ukweli kabla hajajiona kwenye kioo: "Mama, nimekuunguza. Nisamehe, kosa ni langu." Mwite bosi hapohapo. Pesa usichukue. Mimi nilimpigia simu kesho yake asubuhi, kisha kila baada ya siku mbili mpaka kidonda kikakauka. Rasta na dawa asubiri hadi ngozi ipone kabisa.