Kabla ya kupanda baiskeli kwenye njia ya mwenzako, muulize anashika breki wapi

Mtu akikualika kwenye njia yake ya kila wiki, kitu cha kwanza atakachokutajia ni kilomita. "Ni sitini tu." Usiridhike na jibu hilo. Kilomita 60 za tambarare kwenye lami laini na kilomita 60 za vilima kwenye lami iliyochakaa ni safari mbili tofauti, na huyo anayekualika ameizoea njia yake mpaka haioni tena. Kazi ya kumchimba ni yako.

Yale ya kawaida nayataja kwa haraka. Breki zishike, matairi yajazwe upepo, cheni iwe na mafuta. Beba tyubu ya akiba, vifaa vya kutolea tairi, pampu na maji. Kofia ngumu ivaliwe na ifungwe kidevuni. Hata wanaolipwa kushindana walilazimishwa kuivaa mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev kuanguka kwenye mashindano ya Paris–Nice na kufariki. Tusonge mbele.

Uliza miinuko. Usiishie kwenye jumla ya mita za kupanda, uliza zimekaaje. Mwinuko wa asilimia 8 maana yake unapanda mita 8 katika kila mita 100 za kwenda mbele. Programu za simu hupenda kukupa wastani, na wastani ni mwongo mwenye adabu. Kilima cha kilomita 6 chenye wastani wa asilimia 4 kinaweza kuwa asilimia 4 mwanzo hadi mwisho, na mtu mwenye mazoezi ya kawaida akakipanda huku anapiga soga. Kinaweza pia kuwa kilomita 3 za asilimia 1, kisha kilomita 3 za asilimia 7. Hesabu ni ileile, mita 240 za kupanda, lakini miguu yako haitakubali kwamba ni kilima kilekile. Alpe d'Huez, kile kilima maarufu cha Ufaransa chenye kona 21, kina wastani wa karibu asilimia 8, ila mwanzo wake ni mkali kuliko wastani huo, na anayeuvamia kwa mbwembwe huzilipa kona zote zilizobaki.

Kwa hiyo maswali ni haya: pakali kuliko pote ni wapi, panaendelea kwa umbali gani, na panakuja nikiwa mbichi au nimeshachoka? Ukisikia asilimia 10 na zaidi, kagua gia yako nyepesi kabisa ukiwa bado nyumbani. Na simu mbili zikikupa jumla mbili tofauti za kupanda kwa njia ileile, usishangae. Moja inasoma ramani, nyingine inapima mgandamizo wa hewa. Chukua kubwa, jiandae kwa hiyo.

Uliza upepo. Hasa kama ni njia ya kwenda na kurudi kulekule. Ukienda unasukumwa mgongoni utajiona umepanda kiwango, kumbe deni linakungoja kwenye kurudi. Ukikimbia kilomita 30 kwa saa kwenye hewa tulivu, kisha ukakutana na upepo wa mbisho wa kilomita 10 kwa saa, hewa inakupiga kana kwamba unakwenda 40. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo ukitaka kubaki kwenye 30 unapambana na ukinzani mkubwa kwa zaidi ya robo tatu kuliko wa mwanzo. Kama njia ni ya mzunguko, anzeni kwa kuukabili upepo na mrudi nao mgongoni. Mwenye njia akikuambia "upepo huwa haupo," muulize huwa anatoka saa ngapi. Yeye labda hutoka alfajiri. Wewe utakuwa huko mchana.

Uliza lami. Ina viraka? Ukingo wake umemegeka? Kuna matuta, na yamepakwa rangi au yanakuvizia? Majibu yakiwa mabaya, vaa matairi mapana kidogo, ya milimita 28 au 32 badala ya 25, na usiyajaze upepo mpaka yawe jiwe.

Sasa mteremko. Hapa ndipo watu wanapoumizwa na maelezo mafupi. Kilima husimuliwa kwa urefu na ukali wake, nani alishuka akasukuma, nani alitapika. Mteremko hupewa sentensi moja, tena kwa sauti ya kubembeleza.

Nimeyaona matokeo ya sentensi hiyo. Kikundi chetu kilipata mgeni, kijana mwenye pumzi. Mwenzetu aliyemweleza njia ni mtu makini, na kilima alikieleza hatua kwa hatua: hapa weka gia nyepesi, hapa kunywa maji, hapa usidanganyike, bado hujafika. Kisha akamalizia, "Ukifika juu kazi imekwisha. Ni mteremko mpaka darajani, unajipumzikia tu." Hakuna aliyeongeza neno. Mgeni akatuacha wote kilimani, akafika juu peke yake, akainama kwenye usukani na kuteremka.

Mteremko ule unaanza umenyooka, lami safi, unaona mbali. Kisha unaingia kwenye kivuli cha miti, na ndani ya kivuli kuna kona ya kulia yenye hila: ukiingia inaonekana pana, ukifika katikati inazidi kujikunja. Hapo hapo inapojikunja ndipo barabara ya vumbi inapoungana nayo kutokea juu, hivyo mvua ikinyesha, mchanga na changarawe husombwa na kutandazwa kwenye lami, mahali hasa ambapo tairi linahitaji kushika. Na usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha. Ukichanganya na macho yaliyotoka juani na kuingia kivulini ghafla, mgeni aliona changarawe ikiwa imebaki hatua chache. Akabana breki ya mbele huku baiskeli imelala kwenye kona, gurudumu likateleza likamwacha. Tulimkuta amekaa kwenye nyasi, rangi imempotea, mfupa wa mtulinga umevunjika. Gari lingekuwa linapanda dakika ile, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Tukiwa tunasubiri usafiri wa kumpeleka hospitali, mmoja akauliza, "Jamani, nyinyi huwa mnashika breki wapi?" Jibu likatoka kwa pamoja: kwenye mti mkubwa. Kila mmoja wetu alikuwa akishika breki kwenye mti uleule, kona haijaonekana bado, na hakuna aliyekuwa na habari kwamba ana tabia hiyo. Mikono ilijifunza yenyewe bila kuupa mdomo taarifa. Ndiyo maana ukimuuliza mwenyeji "mteremko ukoje?" atakujibu bila hila yoyote kwamba ni mzuri. Kwake ni mzuri kweli, kwa sababu anapofika penye ubaya ameshapunguza mwendo.

Basi usimuulize ukoje. Muulize: unashika breki wapi? Utamwona anasita, anauteremka kichwani, kisha anaanza kukutajia: kwenye mti, kwenye kibao, tukishapita lile geti. Hiyo ndiyo ramani ya kuikariri. Ongezea: kona ipi inajikunja zaidi katikati? Wapi mchanga huingia barabarani? Kivuli kinaanzia wapi? Chini kabisa kuna nini, daraja jembamba, njia panda, au reli? Na wewe unayekaribisha wageni, jiulize mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Kama huna hakika, teremka njia yako mara moja polepole ukiitazama mikono yako.

Usidhani ni shida ya wageni tu. Mwaka 2003, kwenye Tour de France, Joseba Beloki alikuwa anashindania ushindi wa mashindano yote alipoteleza kwenye mteremko wa kuelekea mji wa Gap. Joto lilikuwa limelainisha lami. Alivunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono, na Lance Armstrong aliyekuwa nyuma yake alinusurika kwa kukatiza shambani. Beloki ni mtu aliyekuwa na magari ya timu na redio sikioni. Lami ya asubuhi na lami ya saa nane mchana si lami moja.

Mkiwa kwenye mteremko, punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kisha achia breki uingie. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zishike huongezeka mara nne, kwa hiyo aliye kwenye 60 anahitaji nafasi mara nne ya aliye kwenye 30, na kama kumelowa ongeza tena. Mteremko ukiwa mrefu usining'inie kwenye breki kutoka juu mpaka chini. Breki za kubana rimu huipasha moto, upepo ndani ya tairi unatanuka, tyubu inaweza kupasuka. Za diski nazo zikichemka sana hulegea. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, bana tena. Wa mbele akipiga kelele kuna shimo, aliye nyuma yake arudie kelele hiyo mpaka imfikie wa mwisho.

Mengine ni ya kukumbushana. Reli ivuke kwa kuikata moja kwa moja, usiipite mshazari. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma huteleza kama imelowa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu ni mbaya kuliko ya tatu, kwa sababu mafuta na vumbi vya miezi yote hiyo ndiyo kwanza vinaelea. Jua likiwa chini nyuma yako, dereva anayekuja mbele anaangazwa machoni na hakuoni. Taa ya nyuma iwake hata mchana. Mwachie mtu asiyekwenda nanyi jina la njia na saa ya kurudi, simu iwe na chaji. Mbwa wapo, uliza wapo nyumba gani. Na ukifika pasipoeleweka giza linaingia, shuka utembee, pembeni kabisa ukiyatazama magari yanayokuja, polepole, maana viatu vya baiskeli navyo huteleza kwenye lami.