Somo: Kitenzi "stie", kupanda kwa Kiingereza cha zamani

Ukifungua Biblia ya Kiingereza ya akina Wycliffe, ya mwishoni mwa karne ya 14, Yohana 20:17, utamkuta Yesu akimwambia Maria Magdalena: "Y stie to my fadir and to youre fadir." Kamusi ya shuleni haitakusaidia, ikijitahidi sana itakupeleka kwenye "sty" ya leo, yaani banda la nguruwe. Basi twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Kijue kwa sura zake. Waingereza wa kabla ya mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza, walikiandika "stigan". Baadaye ile g ikalainika, ikamezwa kabisa, kikabaki "stie", "stye" au "sty". Wakati uliopita utaona "steigh" au "stied". Mjerumani bado anacho hadi leo: "steigen".

Hatua ya 2: Angalia kimeandamana na neno gani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Zamani kabisa kitenzi hiki hakikuwa cha kwenda juu peke yake. Katika Injili za Kiingereza cha kale, Mathayo 3:16, Roho anaposhuka kama njiwa, kilichotumika ni hichohicho "stigan", ila kimetanguliwa na "niþer", yaani chini. Kwa hiyo ukisoma maandishi ya kabla ya 1066, usikimbilie kuandika "kupanda" kabla hujatazama pembeni. Kufikia enzi za Wycliffe, maana ya kwenda juu ilikuwa imeshatawala.

Hatua ya 3: Chagua neno la Kiswahili. Sisi hatuna shida, tunayo matatu. La mbinguni ni *paa*. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ina "Ninapaa kwenda kwa Baba yangu" mahali hapohapo. La mti au mlima ni *kwea*. La farasi, ngazi na cheo ni *panda*. Mshairi Spenser, mwaka 1590, aliieleza tamaa ya makuu kuwa "rash desire to sty". Hapo ni kupanda cheo. Ukiandika "kupaa" utampa mtu mabawa. (Na tafadhali, tusilete "kukwea pipa" kwenye Injili.)

Hatua ya 4: Kitafute kilikojificha. Kitenzi kilikufa, nafasi yake ikachukuliwa na "climb", "mount" na "ascend", lakini kimeacha watoto. "Stair" ni ngazi. "Stile" ni vile vipandio vya kuvukia ua wa shamba. Ninayoipenda zaidi ni "stirrup", kikuku cha kupandia farasi: kwa asili ni "stig-rap", kamba ya kupandia. Ya chuma ilikuja, jina la kamba likabaki.

Maswali ya wanachama

Mkwezi_Pemba: Shikamoo mwalimu. Chokea la jichoni nalo Waingereza wanaliita "sty". Ni neno hilohilo?

*Jibu:* Marahaba. Ni jamaa yake. Zamani uvimbe huo uliitwa "styan", kitu kinachoinuka. Watu wakaongeza "eye" ikawa "styany", kisha wengine wakasikia kama "sty on eye", na "sty" ikajitenga ikawa jina la ugonjwa. Banda la nguruwe liache kando, hilo lina historia yake.

Binti_Tanga: Mimi nimekutana na "clomb" kwenye shairi. Ni hiki hiki?

*Jibu:* Hapana dada, hicho ni "climb" cha kawaida kikiwa kimevaa wakati uliopita wa zamani. Mshairi Milton anacho, mwenzake Coleridge naye mwaka 1798 anasema mwezi "clomb", yaani ulipanda angani. B haitamkwi, kinaimbana na "home".

Msomaji_Kigoma: Naweza kuweka "stie" kwenye insha yangu ya chuo nionekane nimesoma?

*Jibu:* Mkaguzi atadhani umekosea herufi. Kama unanukuu Wycliffe, kiache kama kilivyo ndani ya alama za kunukuu. Kwingineko andika "climb" au "ascend".

Binti_Tanga: Na kwa sauti nikisoma mbele ya darasa?

*Jibu:* Soma "stai" kwa kile cha Spenser. Kwa cha Wycliffe vuta i: "stii-e", silabi mbili.