Kuku wa uani Tanga: namna ya kumzuia kicheche, kunguru na wenzao

Mwenye kuku akishaibiwa mara moja, haraka yake ya kwanza ni kuinua uzio. Futi sita, futi nane. Mafundi nao wanapenda hivyo. Mmoja niliyemwambia pesa nyingi iende chini alinicheka: "Bi mkubwa, kazi ya juu ndiyo inayoonekana na jirani." Kweli inaonekana, ila kicheche hana habari na urefu. Yeye anafukua.

Mwongozo huu ni wa ua wa kawaida: kuku kumi hadi ishirini wa kienyeji, banda la kulala, na uwanja wa wavu wa kushinda mchana.

Hatua ya 1: Mjue mwizi wako

Kabla hujanunua hata msumari, kagua alichoacha. Ukikuta kuku kadhaa wamekufa usiku mmoja, wameumwa shingoni au kichwani na nyama haikuguswa sana, mtuhumiwa ni kicheche au kanu, yule mnyama mwembamba wa madoa anayefanana na paka. Kicheche akitishwa huacha na harufu kali ambayo utaisikia hadi mchana. Mbwa hula kwa fujo: wavu umechanika, manyoya uwanja mzima.

Mayai yakipotea mchana, fikiria nguchiro au kenge. Nguchiro wale wenye miraba mgongoni wana mtindo wao. Hulishika yai kwa miguu ya mbele, kisha hulitupa kinyumenyume katikati ya miguu ya nyuma lipasukie kwenye jiwe. Kwa hiyo maganda yakiwa yamerundikana penye jiwe moja, usimsingizie mtoto wa jirani.

Kuku kapotea mzima bila unyoya wala damu? Ni chatu au mtu. Mara nyingi chatu utamkuta bado yumo, tumbo limegoma kupita kwenye tundu aliloingilia. Usipambane naye, ita ofisa wa wanyamapori wa halmashauri. Mtu atakuwa ameshaondoka.

Vifaranga wakipungua mmoja mmoja, mchana ni mwewe na kunguru, usiku ni panya.

Hatua ya 2: Nguzo na wavu

Boriti za mikoko hudumu, lakini kukata mikoko kunahitaji kibali, kwa hiyo usinunue za magendo. Mirunda ya mtiki inatosha kabisa. Sehemu itakayozama ardhini ipake oili chafu kwa ajili ya mchwa.

Wavu wa kuku wa kawaida, ule wa matundu ya pembe sita, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbwa anauchana na panya anapenya kwenye tundu la inchi moja. Kuanzia chini hadi usawa wa kiuno weka wavu mgumu uliochomelewa, wa macho ya nusu inchi. Huku juu ule wa bei nafuu unafaa. Waliopo karibu na bahari, Raskazone au Mwambani, wasinunue wavu usiopakwa zinki. Chumvi itaula, na kutu huanzia pale mchanga mbichi unapogusa waya.

Hatua ya 3: Chini, na hapa usibane pesa

Wengi huambiwa wachimbe mtaro na kuzika wavu. Kwenye mchanga mtaro unaporomoka, na penye mwamba wa matumbawe sururu inarudi. Njia nyepesi ni kuulaza wavu.

Chukua wavu mgumu wa upana wa futi tatu. Ukunje katikati kwa urefu wake wote upate pembe kama ya ukuta na sakafu. Nusu moja, yaani futi moja na nusu, iegemeze kwenye uzio na uifunge kwa waya kila baada ya shubiri moja. Nusu ya pili ilaze nje, juu ya ardhi, baada ya kukwangua udongo kina cha vidole viwili. Rudishia udongo, kisha panga mawe juu yake. Majani yakishaota, wavu hauonekani tena na hauwezi kung'oka.

Inafanya kazi kwa sababu mnyama anayefukua huanzia palepale kwenye mguu wa uzio. Anakutana na waya, anahama kidogo pembeni, anakutana na waya tena. Haimjii akilini arudi nyuma hatua moja na nusu ndipo aanze.

Pembe nne za uzio zifanye mwenyewe au simama na fundi. Hapo vipande viwili vya wavu hukutana, na asiyekuwa makini huacha uwazi. Vipande vipishane angalau kwa shubiri moja.

Hatua ya 4: Juu

Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu wa Pwani hana woga. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, leo anakula vifaranga Tanga nzima. Kinachomwita kwanza ni makombo, kwa hiyo vichwa vya samaki na ugali uliobaki visilale uwanjani.

Tandaza juu nyavu chakavu za wavuvi, zivutwe zikaze. Zikilegea zinanasa kuku wenyewe. Kama hazipatikani, vuta kamba za katani kila futi moja, za urefu na za upana, zikatishane kupata miraba. Kamba zitapunguza mwewe na kunguru lakini hazimzuii kanu, anayepanda vizuri. Ndiyo maana kuku hawalali uwanjani. Masika yakiisha, badilisha kamba, maana zitakuwa zimeoza.

Hatua ya 5: Mlango wa banda

Kizingiti cha mbao, komeo, kufuli. Uwazi wowote usipitishe kidole gumba. Kuku huingia wenyewe jioni. Ikiadhiniwa magharibi, hesabu na ufunge.

Hatua ya 6: Siafu

Hawa hawazuiliwi na wavu, na kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Banda liwe la miguu, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, na majani yanayogusa banda yafyekwe. Msafara ukishaingia usianze kutafuta dawa: fungua mlango, kuku watoke, hata kama ni saa nane usiku.

Sumu za kutega msiweke. Paka ataila, na bundi atamla panya aliyeila. Najua wengi hawamtaki bundi karibu na nyumba, lakini mimi wangu aliye kwenye mnazi nimemwachia, anawapunguza panya bila kunidai.